Nani Aketi Katika Kamati ya Lugha? Historia ya Ujumbe wa Kamati za Kiswahili Ikitazamwa Kutoka Nzega

Kila kamati ya lugha huanza na swali ambalo si la lugha: nani aketi? Kabla ya kuamua kama neno liandikwe hivi au vile, kabla ya kuchagua kati ya istilahi mbili zinazoshindana, hapana budi kwanza iamuliwe ni akina nani watakaoamua. Aghalabu swali hilo hupitishwa upesi upesi, likaandikwa katika kifungu kimoja cha katiba, kisha likasahauliwa. Lakini matokeo yake huonekana katika kamusi, katika vitabu vya shule na katika nyaraka za serikali kwa muda wa miaka mingi, wakati wajumbe wenyewe wamekwisha kustaafu au kufariki. Katika makala haya tunakusudia kufuatilia jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika historia ya Kiswahili sanifu, na kuonyesha ni nini kilichopatikana na ni nini kilichopotea kwa kila jibu.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Nzega. Sababu yake ni nyepesi. Nzega ipo kaskazini ya Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, mahali ambapo barabara za kutoka Tabora, Singida na Shinyanga hukutana. Hapo Kiswahili si lugha ya mababu wa watu wengi, wala si lugha ya kigeni. Ni lugha ya soko, ya shule, ya mahakama, ya kanisa na msikiti, na kwa vijana wengi ni lugha ya nyumbani pia. Wengi wa wasemaji wa Kiswahili leo, tangu Tanga hata Bukavu, wanaishi katika hali iliyo karibu na hiyo kuliko hali ya Unguja Mjini au Mombasa ya Kale. Basi anayeuliza kama kamati ya lugha inawawakilisha wasemaji, na aulize kwanza kama inawafahamu watu wa Nzega.

Lugha ya njiani

Kiswahili kilifika katika nchi hiyo kwa miguu. Katika karne ya kumi na tisa njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka Tabora iligawanyika: tawi moja lilikwenda magharibi hata Ujiji, na jingine lilielekea kaskazini, likapita katika nchi ambayo leo ni Nzega, kwenda Usumbwa, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Tabora, iliyoitwa Kaze siku hizo, mwezi wa Novemba mwaka 1857. Na katika Julai mwaka 1858 Speke aliondoka hapo kuelekea kaskazini, akaliona Ziwa mwanzoni mwa Agosti. Njia aliyopita haikuwa mpya. Wanyamwezi walikuwa wameizoea kabla yake, wakiwa wafanyabiashara wa nafsi zao na wapagazi wa wengine, nao ndio waliobeba pembe, chumvi, majembe na nguo. Na pamoja na mizigo hiyo walibeba maneno.

Ni vyema tukumbuke kwamba mzigo huo wa maneno ulichukuliwa pande zote mbili. Neno mnyapara, ambalo leo lina maana ya msimamizi wa kazi, ni jirani wa karibu wa neno ambalo katika nchi za watemi liliwataja wazee wa baraza la mtemi. Katika msafara likawa jina la mkuu wa kikosi cha wapagazi. Neno mtemi lenyewe limeingia katika Kiswahili bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Na neno hongo linatupa somo la pekee. Katika njia ya misafara hongo ilikuwa ada iliyotozwa na mtawala wa nchi kwa msafara uliopita katika ardhi yake. Ilikuwa ikijadiliwa hadharani, mara nyingine kwa siku kadhaa, na aliyeilipa alipewa njia. Leo hongo ni rushwa itolewayo kwa siri. Neno ni lile lile, lakini aliyelisema akiwa mpokeaji wa haki yake amekwisha ondoka, na aliyebaki kulieleza ni yule aliyelazimika kulipa. Hivyo ndivyo maana inavyoweza kugeuka pale ambapo upande mmoja tu ndio unaobaki kulisimulia neno.

Katika njia hiyo hapakuwa na kamati. Maneno yalipita au yalianguka kwa kadiri yalivyofaa. Mwalimu wa lugha alikuwa ni safari, na sharti la kujiunga lilikuwa ni kuweza kuelewana na mwenzako penye moto wa jioni. Hatusemi kwamba hali hiyo ilitosha. Lugha ya njiani haiwezi kuandika sheria wala kufundisha hesabu za juu. Twasema tu kwamba, kabla ya kuundwa kamati yoyote, Kiswahili kilikuwa tayari na wenye nacho wengi, na baadhi yao walikuwa mbali sana na bahari.

Kamati ya mwaka 1930

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilitaka vitabu vya shule vya namna moja. Mwaka 1925, wakati wa Gavana Donald Cameron, mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam na suala la kusanifu lugha likazungumzwa. Mwezi wa Juni mwaka 1928 ulifanyika mkutano mwingine Mombasa, ambako alikuwapo pia Carl Meinhof, mtaalamu wa Kijerumani wa lugha za Kibantu. Hapo ndipo Kiunguja kilipokubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, kilichokuwa na ushairi wa kale na kilichotetewa hasa na wamisionari wa upande wa Kenya, kiliwekwa kando. Tarehe 1 Januari mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ilianza kazi yake rasmi, makao yake yakiwa Dar es Salaam na katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson.

Tutazame sasa mlango wa kuingilia. Wakurugenzi wa Elimu wa nchi hizo nne waliingia kwa vyeo vyao. Pamoja nao waliteuliwa maafisa wengine wa serikali na watu wasio wa serikali, ambao aghalabu walikuwa wamisionari. Wajumbe hao walikuwa na kazi zao nyingine. Ujumbe wa Kamati ulikuwa ni utumishi wa ziada, wa kujitolea kwa namna yake, na kazi ya kila siku ilimwangukia Katibu. Kigezo cha kwanza, basi, kilikuwa ni cheo. Kigezo cha pili kilikuwa ni mipaka ya kiserikali: kila nchi na viti vyake. Kigezo cha tatu hakikuandikwa popote kwa sababu hakikuhitaji kuandikwa, nacho kilikuwa ni rangi. Katika Kamati iliyopewa mamlaka ya kuamua Kiswahili kiandikweje, hapakuwa na mjumbe hata mmoja ambaye Kiswahili kilikuwa lugha ya mama yake.

Haifai kuyahukumu mambo ya kale kwa haraka. Kamati ile ilifanya kazi ambayo sisi sote tunaitumia hata leo bila kuikumbuka. Ilisawazisha tahajia, ikapitia miswada ya vitabu na kuvitia ithibati yake, ikawajibu walimu na wafasiri waliouliza maswali, na mwaka 1939 zikatoka kamusi mbili kubwa, ya Kiswahili kwa Kiingereza na ya Kiingereza kwa Kiswahili, ambazo msingi wake ulikuwa ni kazi ya Johnson, aliyefariki mwaka 1937 kabla ya kuziona zimechapishwa. Mwalimu aliyefundisha Nzega na mwalimu aliyefundisha Lamu waliweza kushika kitabu kimoja. Faida hiyo si ndogo.

Lakini kanuni ya ujumbe ilikuwa na kasoro zake, nazo zilionekana katika kazi. Kasoro ya kwanza ni kwamba mipaka ya serikali si mipaka ya lugha. Uganda ilikuwa na sauti katika Kamati, ingawa Kabaka Daudi Chwa alikuwa amekipinga Kiswahili waziwazi mwaka 1929 na Buganda haikutaka kukipokea. Kwa upande mwingine, wasemaji wa Kiswahili wa Kongo ya mashariki, waliokipata kwa njia ile ile iliyopita Tabora, hawakuwa na mtu, kwa kuwa walikuwa chini ya Ubelgiji. Kasoro ya pili ni kwamba nchi moja ilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mjumbe wa Tanganyika alichukuliwa kuwa anasema kwa ajili ya Pangani na Nzega sawia, hali pengine hakuwahi kuzisikia zote mbili zikisema. Kasoro ya tatu, na iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba msemaji alikuwa anaulizwa tu, wala hakuwa anaamua. Waafrika walitumika kuwa watoa habari: walitamka, walieleza, walitoa mifano. Wengine waliandika barua katika magazeti, kama vile Mambo Leo lililoanza mwaka 1923. Kuulizwa si kuketi. Anayeulizwa hujibu swali lililochaguliwa na mwingine. Anayeketi ndiye awezaye kusema kwamba swali lenyewe limekosewa.

Mlango unafunguliwa

Mwaka 1939 njia ilifunguliwa ili kila nchi iweze kuwa na mjumbe Mwafrika. Vita Kuu ya Pili ikaingilia kati, na hata Waafrika kuketi katika mkutano wa Kamati ilikuwa ni mwaka 1946, miaka kumi na sita baada ya Kamati kuanza kazi. Wakati huo misingi ilikuwa imekwisha kuwekwa: lahaja ilikwisha chaguliwa, tahajia ilikwisha kukubaliwa, kamusi zilikwisha kutoka. Wajumbe wapya waliingia katika nyumba iliyokwisha ezekwa, wakaombwa maoni yao juu ya rangi ya milango.

Hata hivyo kuingia kwao hakukuwa bure. Kamati ilihama kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, baadaye Mombasa, na mwishowe ikarudi Dar es Salaam mwaka 1963. Katika miaka hiyo ya Makerere na baada yake ilibadilika tabia. Shaaban Robert alikuwa mjumbe wake. Sheikh Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani ya Kenya na mkusanyaji wa tungo za kale, alishiriki katika kazi yake. Jarida la Kamati, ambalo mwanzoni lilikuwa hasa taarifa ya maneno yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, lilianza kuchapisha tenzi, habari za kale na masimulizi ya Waswahili wenyewe. Katika miaka ya 1958 na 1959 lilitoa, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyejieleza kwa Kiswahili chake mwenyewe. Na katika kitabu hicho Tabora haikauki mdomoni mwa msimulizi, maana baba yake alikuwa na makao huko na alioa katika nyumba ya mtemi wa Unyanyembe. Njia ya misafara ilikuwa imeingia katika Kamati hatimaye, ingawa kwa kalamu ya mfanyabiashara mkubwa na si kwa kalamu ya mpagazi.

Kanuni ya kiti kimoja kwa Mwafrika wa kila nchi inafaa kufikiriwa pamoja na jambo jingine lililotokea Tabora yenyewe. Januari mwaka 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapo, ili kuamua kama ishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliudharau utaratibu huo, na walikuwa na haki ya kuudharau, kwa sababu uligawa viti sawa kwa watu wasio sawa kwa idadi. Lakini uamuzi uliofikiwa ulikuwa ni kushiriki, kuutumia mlango ule mwembamba, kisha kuubomoa. Na TANU yenyewe, iliyoanza ikiwa chama cha Waafrika tu, iliwafungulia uanachama raia wa rangi zote mwaka 1963. Mafunzo mawili yamo humo. La kwanza ni kwamba kiti cha kuonyesha tu hakitoshi, lakini si lazima kikataliwe. La pili ni kwamba kanuni ya ujumbe inayofaa wakati wa kupigania jambo yaweza isifae baada ya jambo hilo kupatikana. Hapana budi kanuni ipitiwe upya.

Dai la kuzaliwa

Baada ya uhuru lilisikika dai lililo kinyume cha kanuni ya cheo. Walisema baadhi ya wataalamu wa pwani kwamba Kiswahili kina wenyewe, na kwamba wenyewe ndio wastahilio kukisanifu. Dai hilo lina uzito, wala halifai kubezwa. Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1977 baada ya wote wawili kufariki, waliieleza historia ya lugha hii kwa kuirudisha kwa watu wake, na walikuwa na sababu. Lahaja zenye fasihi ya karne kadhaa zilikuwa zimeitwa makosa na watu waliojifunza lugha ukubwani. Mwanafunzi wa Mombasa aliambiwa darasani kwamba Kiswahili cha bibi yake si Kiswahili. Hilo ni jeraha la kweli.

Walakini, kama kuzaliwa pwani kungefanywa sharti la kuketi, tuhesabu ni akina nani wangebaki nje. Mnyampala mwenyewe alikuwa Mgogo wa Dodoma. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga, lakini ukoo wake ulikuwa wa Kiyao. Sheikh Amri Abedi, aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alizaliwa Ujiji na kusoma Tabora. Saadani Kandoro naye alikuwa mtu wa Ujiji. Mwalimu Nyerere, aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, alikuwa Mzanaki, na alisoma na kufundisha Tabora. Watu hawa hawakukidhoofisha Kiswahili. Walikipata njiani, kama vile wapagazi walivyokipata, wakakitumikia mpaka kikawa chao. Ikiwa kanuni ya cheo iliwafungia nje Waswahili wote, kanuni ya kuzaliwa ingewafungia nje nusu ya walioijenga fasihi yetu ya kisasa.

Tunaona basi kwamba kanuni zote mbili zina kosa moja: kila moja humtazama mtu alivyo, wala haitazami kazi aijuayo. Jambo hilo lilifahamika mapema katika vyama vya hiari. Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, yaani UKUTA, kiliwaunganisha malenga wa bara na pwani kwa kigezo cha utungaji. Mtu aliingia kwa shairi lake, hakuulizwa cheti wala kabila.

Baraza na mfuatano wa vyanzo

Mwaka 1964 Kamati ya zamani iligeuzwa kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1970 kilikuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Zanzibar ilipata Baraza lake mwaka 1986. Kazi ya istilahi ikawa ni kazi ya wananchi wenyewe, na tangu mwaka 1974 vijitabu vya Tafsiri Sanifu vikaanza kutolewa kwa ajili ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Katika kazi hiyo ulikubalika mfuatano wa vyanzo ambao kila afisa istilahi anaujua: tafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo uende ng'ambo. Mfuatano huo ni mzuri sana. Ndio uliotupatia kitivo kutoka Kipare na ngeli kutoka Kihaya. Na neno ikulu, ambalo sasa ni makao ya Rais, lilikuwa ni makao ya mtemi katika nchi ya Wanyamwezi kabla halijawa la Taifa zima. Mtu wa Nzega akilisikia redioni hahitaji kufafanuliwa.

Lakini tujiulize: mfuatano wa vyanzo waweza kufuatwa na nani? Neno la Kinyamwezi haliwezi kupendekezwa katika kikao ambamo hayumo mtu alijuaye. Kanuni ya vyanzo bila kanuni ya ujumbe ni kama kisima kisicho na kamba. Kila mara kikao kinapojaa watu wa mji mmoja, wa elimu moja na wa rika moja, hatua ya kwanza hufuatwa kwa shida, ya pili na ya tatu hurukwa, na wajumbe hujikuta wamefika ng'ambo kabla ya saa ya chai. Si kwa sababu hawazipendi lugha za nchi yao. Ni kwa sababu kila mmoja wao amekileta kikaoni kile kile alichokileta mwenziwe.

Nzega ya leo

Tutoe mifano miwili kutoka Nzega, mmoja wa jikoni na mmoja wa machimboni.

Katika nchi ya Tabora na Shinyanga viazi vitamu hukaushwa kwa namna mbili ili viwe akiba ya kiangazi. Vikikatwa vibichi na kuanikwa huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Kila mama sokoni anajua tofauti hiyo, na bei yake, na muda wa kila kimoja ghalani. Mfasiri anayetafsiri mwongozo wa hifadhi ya chakula akiwa mbali na soko hilo huandika "viazi vilivyokaushwa" mara zote mbili, na hivyo anawaeleza wenye ujuzi mambo ambayo hayana maana. Neno lilikuwapo, aliyekuwa nalo hakuwapo.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Nzega ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa kisasa ulifanya kazi Lusu tangu mwaka 1998 mpaka ulipofungwa, lakini kabla yake na baada yake wachimbaji wadogo wameendelea kuchimba. Wana istilahi zao kamili: duara ni shimo la wima linaloshuka kwenye mwamba, matimba ni magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, karasha ni mashine ya kusagia mawe, mwalo ni mahali pa kuoshea, marudio ni mchanga uliokwisha oshwa ambao bado una dhahabu kidogo. Maneno haya hayakutungwa na kamati yoyote, na yanasikika katika machimbo mengi ya kanda hiyo.

Tuliwahi kuketi Nzega na walimu wachache waliokuwa wakijitolea kukusanya istilahi za wilaya yao. Rasimu ya kanuni zao ilitaka kila mjumbe awe na shahada au stashahada. Mzee mmoja aliyechimba tangu ujana alikuwa amealikwa kama shahidi tu. Baada ya kusikiliza orodha yao alisema kwa upole: "Waalimu, ninyi mmeandika shimo la wima. Sisi twasema duara. Sasa siku likititia, mkimpigia kijana kelele atoke kwenye shimo la wima, atabaki anawauliza lipi." Walimu wale walicheka, kisha wakanyamaza. Kifungu cha shahada kiliondolewa jioni ile ile, na mzee akaandikwa kuwa mjumbe.

Jambo hili si la mzaha. Mwaka 2021 sheria ya nchi ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kanuni za usalama machimboni, fomu za fidia, hukumu za ajali: vyote hivyo vyahitaji maneno ambayo aliyeandikiwa atayatambua. Istilahi isiyotambuliwa na mtu ambaye maisha yake yanaitegemea ni kosa, hata ikiwa imeundwa kwa kufuata sarufi yote.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii twapendekeza mambo matano kwa wenzetu wanaounda kamati za hiari wilayani, na kwa wanaopitia katiba za kamati zilizopo.

Kwanza, kigezo kiwe kazi. Mjumbe aingie kwa sababu ya ujuzi uliothibitika wa uwanja fulani: kufundisha, kutafsiri, kulima, kuchimba, kupika, kutunga. Shahada iwe ni moja ya njia za kuthibitisha ujuzi, isiwe mlango wa pekee.

Pili, anayeulizwa awe na haki ya kuketi. Kamati ikimwita fundi au mkulima zaidi ya mara moja katika uwanja mmoja, na apewe kura katika uwanja huo. Tusirudie desturi ya watoa habari.

Tatu, wawepo wasemaji wa lahaja na wasemaji wa lugha jirani, wanawake na wanaume, wazee na vijana. Wasiwe mmoja mmoja kwa ajili ya picha. Mtu wa peke yake katika kikao hulazimika ama kunyamaza ama kugeuka msemaji wa watu wote wa namna yake, na mambo yote mawili humharibia kazi.

Nne, ujumbe uwe wa muda maalumu. Kujitolea ni jambo la heshima, lakini kwa kawaida wanaoweza kujitolea muda mrefu ni wale wenye mshahara mahali pengine. Kamati isiyolipa hata nauli ya basi kutoka Bukene hadi Nzega mjini imekwisha weka sharti la ujumbe bila kuliandika, kama ilivyokuwa mwaka 1930.

Tano, hoja iliyoshindwa iandikwe. Neno lililokataliwa leo lihifadhiwe katika kumbukumbu pamoja na jina la mahali lilikotoka, ili kizazi kijacho kiweze kuchagua upya. Kimvita kilipowekwa kando mwaka 1928, hasara kubwa haikuwa ni kushindwa kwake. Ilikuwa ni kule kuhesabiwa kuwa kosa.

Tunajua kwamba litatolewa pingamizi: kamati yenye watu wa namna nyingi huenda polepole, na walimu na wafasiri wanangoja maneno. Ni kweli. Msafara wa watu wengi haufiki haraka kama mjumbe aendaye peke yake. Lakini anayekwenda peke yake hubeba barua tu. Mzigo hubebwa na msafara. Na istilahi ni mzigo. Ikifika Nzega na watu wakakataa kuipokea, itabidi irudi ilikotoka, na safari yote ianze upya.